Ukifika Dar, anzia kijiwe cha kahawa
Ukiwa mgeni Dar es Salaam, usiite teksi kwa simu kila safari. Shuka Kariakoo jioni, utafute wazee waliokaa kwenye benchi, birika likiwa juu ya jiko la mkaa. Amkia kwanza: "Shikamoo wazee." Wakiitikia marahaba, sogea, agiza kahawa na kashata, kisha tulia usikilize. Mada haikosekani, Simba na Yanga zipo.

Mimi niliuliza tu jina la Kariakoo limetokana na nini. Mzee mmoja akaweka kikombe chini, akaanza na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaishia kwenye nyumba aliyozaliwa, mtaa wa pili tu. Nikanywa vikombe vitatu. Jioni tamu mno ile!

Pantoni ya Kigamboni nayo ina maongezi, ila kuvuka ni dakika chache, hivyo salimia mapema mkiwa bado mnasubiri. Simu iweke mfuko wa mbele, na uwe na chenji.