Umekulia kwenye kwaya na sasa uko Manchester: namna ya kuuchagua msimu wa okestra ya Hallé

Orodha ya matamasha ya Hallé hutoka miezi kadhaa kabla ya Septemba, ambapo msimu wenyewe huanza. Ukiipata, usikimbilie majina ya watunzi. Iweke kando ya rota yako ya kazi kwanza. Wengi wetu huku ni watu wa zamu: wauguzi, walezi wa wazee, madereva, watu wa maghala. Mimi nalinda wazee usiku, na nakwambia tamasha zuri kuliko yote halina maana likiangukia usiku wa zamu ambao hakuna mwenzako wa kubadilishana naye. Chukua kalamu, kata tarehe zote usizoweza. Zikibaki kumi au kumi na mbili, hapo ndipo uchaguzi unapoanza. Na uombe ruhusa mapema, maana Desemba kila mtu kazini anaitaka.

Hapohapo angalia kama kuna matamasha ya alasiri. Hallé hupiga baadhi ya programu zake katikati ya wiki mchana, ukumbi ukijaa wastaafu, na mtu wa zamu za usiku akilala asubuhi anaamka, anaoga, anafika, anasikia simfonia nzima, yaani kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa, na bado anawahi kazini. Mimi huyapenda kuliko ya jioni. Hakuna anayekuja kuonyesha nguo.

Naandika haya kwa mtu wa kwaya hasa. Mimi ni sauti ya nne, yaani besi, nimelelewa na kwaya ya usharika wa Kilutheri huko Uchagani, na nota nilizofundishwa ni za solfa, zile za d r m f s l t. Watu wa namna yetu hudhani muziki wa okestra unahitaji shule ambayo hatukupita. Shule hiyo tumeshapita kwa sehemu kubwa. Kilichobaki ni kujua kijitabu cha msimu kimeandikwaje.

Kwanza, ujue unanunua kwa nani. Ukumbi wa Bridgewater Hall, karibu na kituo cha tremu (treni ya mjini inayopita barabarani) cha Deansgate-Castlefield, ni nyumba ya Hallé, lakini okestra za BBC Philharmonic na Manchester Camerata nazo hupiga humohumo, pamoja na wageni wengine. Ratiba ya ukumbi na ratiba ya okestra ni vitu viwili. Hallé yenyewe ilianzishwa na Charles Hallé, Mjerumani aliyezaliwa Hagen, akafika Manchester akiukimbia moto wa mapinduzi ya Paris ya 1848. Mwaka 1857 alikusanya wapigaji kwa ajili ya maonyesho makubwa ya sanaa, na yalipokwisha akakataa kuwaachia watawanyike. Tarehe 30 Januari 1858 akafanya tamasha la kwanza la okestra yake. Tangu hapo haijafa, hata bomu lilipoubomoa ukumbi wao wa Free Trade Hall mwaka 1940. Walihamia Bridgewater Hall mwaka 1996. Mwongozaji wao mkuu tangu 2024 ni Kahchun Wong wa Singapore, aliyepokea kijiti kutoka kwa Mark Elder, aliyekaa tangu 2000.

Sasa kijitabu. Chukua mstari kama huu: Dvořák, Simfonia Na. 9, E maina, Op. 95. Dvořák ni mtunzi. Na. 9 ni simfonia yake ya tisa. Op. 95 ni namba ya kazi katika orodha ya kazi zake zilizochapishwa. Kwa Mozart utaona K na kwa Bach utaona BWV, na shughuli yake ni ileile, kutofautisha kazi moja na nyingine zenye jina moja. Hayo hayakuhusu sana. Kinachokuhusu wewe wa solfa ni E maina, yaani ufunguo wa kazi: maina ni ngazi ya huzuni, meja ni ile ya furaha inayokaa kwenye Doh. Katika maina La ndiyo nyumba, kwa hiyo kama La ni E, basi Doh ni G. Umeshajua simfonia nzima inaanzia wapi na itarudi wapi. Lakini kijitabu hutaja ufunguo wa nyumbani tu. Ndani ya simfonia hiyohiyo, sehemu ya pili, ile ya taratibu, imehamia mahali pengine kabisa, Doh ni Db (ile b ni alama ya kushusha noti nusu hatua), na obo kubwa, ala ya kupuliza yenye sauti nzito, inaimba peke yake: m s s, m r d, r m s m r. Imba hapo ulipo, polepole. Ukiweza kuimba hivyo huna sababu ya kuogopa kazi hii, iliyopigwa mara ya kwanza New York Desemba 1893.

Jaribu na Beethoven pia, Simfonia Na. 5, C maina. La ni C, Doh ni Eb. Zile ngumi nne za mwanzo ambazo kila mtu anazijua hata bila kujua zimetoka wapi ni m m m d, kisha r r r t, ile t ya chini. Noti nane, na nusu ya simfonia imejengwa juu ya mdundo wake. Mwalimu wangu wa kwaya angetuambia tuzirudie mpaka tuchoke.

Mpangilio wa tamasha la kawaida hauna siri: kipande kifupi cha kufungulia, dakika kama kumi, halafu konserto, yaani mpigaji mmoja wa piano, fidla au selo akijibizana na okestra nzima, kama nusu saa, mapumziko ya dakika ishirini, kisha simfonia, dakika arobaini au zaidi. Ukiona tamasha lina kazi moja tu, ni ndefu. Kwa mara ya kwanza usichague kazi ya saa moja na nusu ya mtunzi Mahler hata kama picha ya kijitabu ni nzuri. Chagua tatu tu kwa msimu wa kwanza: moja yenye kwaya, moja yenye konserto, na moja yenye simfonia ambayo okestra hii inaijua kwa damu.

Ya tatu hiyo ndiyo watu huikosa. Simfonia Na. 1 ya Elgar ilipigwa mara ya kwanza kabisa duniani na Hallé, hapahapa Manchester, tarehe 3 Desemba 1908, Hans Richter akiongoza. Ya saba na ya nane za Vaughan Williams nazo zilizaliwa mikononi mwa Hallé, 1953 na 1956, zikiongozwa na John Barbirolli. Kwa hiyo msimu wenye Elgar au Vaughan Williams usiupite. Wapigaji wa leo si wale, lakini okestra hurithishana namna ya kupiga vilevile kwaya ya usharika inavyorithishana namna ya kuvuta pumzi kabla ya ubeti wa mwisho. Elgar ya kwanza iko katika Ab meja na inaanza kimya, na wimbo wa kutembea, besi zikipiga hatua chini yake. Mtu wa sauti ya nne ataipenda kabla ya dakika ya kwanza kuisha.

Kuhusu viti nina msimamo. Bridgewater Hall ina viti nyuma ya jukwaa, mahali kwaya inapokaa ikiwepo. Isipokuwepo, viti hivyo huuzwa, na kwa kawaida ni vya bei ya chini. Nunua hivyo. Kutoka pale unamtazama mwongozaji usoni, unaona mkono wa kushoto unavyowatuliza fidla, unaona jicho linalomwita mpiga timpani, zile ngoma kubwa za okestra. Mtu aliyeimba chini ya mwalimu wa kwaya anajua kuusoma uso huo. Waliolipa pesa nyingi kule mbele wanaona mgongo wa koti. Ila kuna hasara zake. Timpani na tarumbeta ziko miguuni pako, na pembe za Kifaransa matundu yake ya kutolea sauti yanatazama nyuma, kwako. Usikae pale siku ya mwimbaji wa peke yake, atakupa kisogo, wala siku ya piano, kwa sababu kifuniko chake hutupa sauti upande wa pili. Siku hizo panda ghorofa ya juu kabisa. Ni mbali, lakini sauti inafika kamili. Ukumbi mzima umekalishwa juu ya springi 280 ili mtetemo wa tremu na magari usiingie, na kweli tremu hupita karibu pale bila kusikika.

Uliza bei za wanafunzi na vijana kabla ya kulipa, na uulize punguzo la kununua matamasha kadhaa kwa mkupuo.

Wiki moja kabla, sikiliza. Si mara moja ukiwa umekaa rasmi. Weka simfonia ikicheza unapopiga pasi, unapopika, ukiwa ndani ya basi. Lengo ni kuishika tuni moja tu. Ukiingia ukumbini unaijua tuni moja, masikio yatakuwa yanaisubiri, na ikija ikiwa imegeuzwa, imefichwa kwenye besi au imeharakishwa, utaitambua. Redio ya BBC, ile Radio 3, hurusha matamasha ya okestra bure jioni nyingi, na BBC Philharmonic husikika humo mara kwa mara.

Siku yenyewe, fika mapema. Matamasha mengi ya jioni huanza saa moja na nusu, na ukichelewa mlango unafungwa mpaka kipande kiishe. Utasimama nje ukisubiri. Mavazi hayana sheria. Nimeona suti na nimeona jinzi, na mimi huenda na fulana ya kazini chini ya sweta nikitoka moja kwa moja. Utamsikia obo akitoa noti moja ndefu, A, na wote wakiipokea. Obo ni ndugu wa zumari la pwani, matete mawili mdomoni, na ndiyo maana sauti yake inapenya.

Kupiga makofi ndiko kunakowatia watu hofu kuliko vyote. Simfonia kwa kawaida ina sehemu nne na konserto tatu, na makofi hupigwa zote zikiisha, si katikati. Lakini kuhesabu peke yake kutakuponza. Katika Beethoven ya tano, sehemu ya tatu inaingia ya nne bila kupumua. Katika Elgar ya kwanza, ya pili na ya tatu zimeshonwa pamoja. Katika Tchaikovsky ya sita, sehemu ya tatu inamalizika kwa kishindo hivi kwamba watu wazima wanaruka na makofi, kumbe bado iko ya nne, ya huzuni, inayozimika taratibu. Tazama mikono ya mwongozaji. Ikiwa bado iko juu, muziki haujaisha hata kama hakuna sauti. Na ukikohoa, kohoa kati ya sehemu, kila mtu ndivyo anavyofanya. Utashangaa jinsi Waingereza wanavyobana kikohozi dakika kumi nzima.

Tamasha lako la kwaya liwe la Desemba, Masihi ya Handel, ambayo Hallé huipiga karibu na Krismasi. Sisi tumeimba "Haleluya" yake kwa Kiswahili, Doh ni D, d' s l s, kinanda kikihangaika kutafuta noti ambazo hapa fidla zinazipata bila jasho. Wengi wetu hatujawahi kuisikia kazi nzima. Inakwenda zaidi ya saa mbili, na Haleluya si mwisho: inafunga sehemu ya pili kati ya tatu. Ukumbi utasimama wakati huo, nawe simama. Baada yake soprano anaanza peke yake, polepole, na hapo ndipo kazi inapokuwa nzuri kuliko Haleluya yenyewe. Usitoke ukidhani imekwisha. Nunua tiketi hii kabla ya zingine zote, maana ndiyo inayojaa.

Walioko nje ya Manchester wasihangaike na treni ya usiku. Hallé huenda Sheffield City Hall, St George's Hall ya Bradford na Royal Concert Hall ya Nottingham, mara nyingi na programu ileile iliyopigwa Manchester.

Jambo la mwisho kwa besi wenzangu. Kwaya ya Hallé, iliyoanza 1858 pamoja na okestra, ni ya watu wasiolipwa: wana kazi zao, wanafanya mazoezi jioni. Kuingia kuna usaili wa sauti, na nota wanazosoma ni za mistari mitano, si solfa. Anayetaka Desemba asimame kule juu badala ya kukaa, aanze na hizo. Maktaba kuu ya St Peter's Square, mwendo wa dakika chache kutoka ukumbini, ina maktaba ya muziki ya Henry Watson inayoazimisha vitabu vya nota, Masihi ikiwamo. Kadi ni bure. Nenda na kipimo chako cha solfa kichwani, ufungue ukurasa wa Haleluya, uandike d r m kwa penseli nyepesi kwenye karatasi yako, si kwenye kitabu chao.