Onyesho la vitu vya nyumbani mtaani: namna ya kuvifanya viseme

Chukueni vitu vichache. Chumba cha mita 5 kwa 6, kama ukumbi wa ofisi ya serikali ya mtaa, kinatosha vitu 12 hadi 15 pamoja na maelezo yake. Vikizidi hapo watu hupita wakitupa jicho tu, hawasomi. Kila kaya ilete kitu kimoja kilichotumika kweli: mbuzi ya nazi, pasi ya mkaa, chemli, kanga, redio ya betri. Dhahabu, hati za nyumba na vyeti halisi msipokee. Kwa karatasi, nakala inatosha.

Kabla ya kupokea, ulizeni ni cha nani. Kinu cha bibi huweza kuwa na wenyewe watano, na aliyekileta ni mmoja tu. Ndugu wakikikuta ukumbini bila kuulizwa, mmeshazua kesi. Andikeni hati mbili zenye jina la mwenye kitu, hali yake, siku ya kurudishwa na sahihi. Moja abaki nayo mwenyewe. Pigeni picha pande zote nne, rula ikiwa kando, nyufa za zamani zionekane wazi.

Mazungumzo ndiyo kazi yenyewe. Tengeni dakika 30 hadi 40, kitu kikiwa mikononi mwa mwenyewe. Swali la “kwa nini unakipenda?” halizai kitu, mtajibiwa “ni kumbukumbu ya mama,” basi. Ulizeni alama. Kwenye mbuzi, tazameni ulimi: meno yamelika zaidi upande gani, na nani alikuwa akikuna kwa mkono huo? Kikalio kimeng'aa wapi? Huu msumari mpya umepigiliwa na nani, na kulikuwa na nini siku hiyo? Hapo ndipo mtu hukumbuka harusi, msiba, au fundi aliyekataa kulipwa. Mkirekodi kwa simu, zimeni mtandao na feni. Mvumo wa feni humeza maneno.

Maelezo yawe maneno 60 hadi 80, kwa kauli ya mwenyewe na lafudhi yake. Mtu wa Pemba msimsahihishe akawa mtangazaji wa redio. Msianze na “hii ni mbuzi ya kukunia nazi”, si wanaiona? Anzeni na ile alama. Msomeeni mwenyewe kabla ya kuchapa, na kama amemsema vibaya mtu aliye hai, jina litoke. Tumieni herufi za ukubwa wa 24, nyeusi, kwenye karatasi isiyong'aa, katikati yake ikiwa sm 145 kutoka sakafuni. Wakija wanafunzi wa shule ya msingi, shusheni.

Kusafisha ni kwa brashi laini, kavu. Masizi ya pasi yaacheni, ni sehemu ya habari. Mabaki ya nazi kwenye ulimi wa mbuzi huita sisimizi, kwa hiyo yatoeni kwa kitambaa kikavu. Mbao inayodondosha unga ina wadudu: ifungeni kwenye mfuko wa nailoni, mtoe hewa, iwekeni kwenye friza (nyuzi 18 chini ya sifuri) wiki mbili. Ikitoka, msifungue mfuko mpaka kesho yake, la sivyo unyevu hutua juu ya mbao. Ngoma iliyowambwa ngozi na mbao yenye rangi zisiingie humo kabisa.

Kanga haipigwi pini. Uzito wake hupanua matundu. Zungushieni fimbo kitambaa cheupe cha pamba, kisha ikunjeni kanga juu yake, jina likielekea mbele. Msiitundike panapopigwa na jua, kwani rangi iliyopauka hairudi.

Siku ya kurudisha, kila kitu kikaguliwe mbele ya mwenyewe kwa zile picha, sahihi zitiwe tena, na apewe nakala ya maelezo yake pamoja na rekodi ya sauti. Mkitaka kubaki na rekodi, hilo mlitie kwenye hati tangu mwanzo.