Kabla hujaleta kikaango cha umeme nyumbani Dar

Kama unarudi Dar likizo na umepanga kumletea mama kikaango bapa cha umeme, lile bamba refu jeusi linalobeba chapati za maji nne kwa mpigo, zawadi hiyo ni nzuri kweli. Asubuhi za huku kila mtu anaondoka kwa saa yake: wa mwendokasi bado giza, watoto wa shule saa 12, bibi anakunywa chai saa 3. Jiko la mkaa huwezi kuliwasha mara tatu. Ila kabla hujalipa, kigeuze kikaango usome kibandiko cha chini.

Umeme wa Tanzania ni volti 230. Marekani na Kanada ni 120, Japani 100. Kikaango cha Marekani cha wati 1500 ukikichomeka moja kwa moja Tabata au Mbagala kitataka kuvuta zaidi ya wati 5000, maana volti zikikaribia mara mbili, nguvu inakaribia mara nne. Ukibahatika breka itajikata, usipobahatika kitaungua. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini kwa wati 1500 utahitaji ya 2000 au zaidi, na hiyo ni mzigo mzito kuliko kikaango chenyewe. Ningekuwa wewe ningekiacha hukohuko, nikanunua cha volti 230 Kariakoo, baada ya kusoma kibandiko palepale dukani.

Wa Uingereza, Dubai na Oman hawana shida: volti zinaendana na plagi ni ileile ya pini tatu bapa. Wa Ujerumani, Sweden na jirani zao volti ni sawa, tatizo ni plagi ya pini mbili za duara. Hapa nakuomba sana: usiruhusu mtu achokonoe tundu la juu la soketi kwa kalamu ili pini ziingie. Tumeizoea mno njia hiyo kwa chaja za simu, lakini kikaango ni chuma, kinashikwa na mikono yenye maji, na ukikichomeka hivyo kinakuwa hakina waya wa ethi, ule unaomkinga mtu asipigwe na umeme ukivuja. Mwite fundi umeme akate plagi hiyo, afunge ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13. Kichomekwe kwenye soketi ya ukutani, kisichangie ekstensheni moja na friji na jagi la umeme.

Kuhusu LUKU, wati 1500 zikiwaka mfululizo kwa dakika 40 ni yuniti 1. Kwa kawaida itapungua hapo, kwa kuwa kikishapata moto kinajizima na kujiwasha chenyewe.

Sasa chapati za maji. Unga wa ngano vikombe 2, yai 1, chumvi, sukari kidogo, iliki ukipenda, na maji ya kutosha uji mwepesi unaotiririka kwenye upawa. Uache utulie dakika 20. Weka moto nyuzi 190. Kama kitufe kimeandikwa kwa Fahrenheit, ni 375. Subiri taa ya kikaango izime ndipo umimine, utandaze kwa mgongo wa upawa. Juu pakikauka na kingo zikianza kuachia, paka mafuta, geuza. Kabla ya kumimina awamu ya pili, isubiri tena ile taa. Uji wa baridi hupoza bamba, na ukiharakisha chapati hutoka nyeupe, zimelegea. Mayai yataka moto mdogo, nyuzi 150 hadi 160. Mihogo na viazi vitamu vichemshwe kwanza, kisha vikaangwe hapo hadi viwe na ganda. Vitumbua na maandazi usijaribu: vitumbua vina chuma chake chenye vishimo, na maandazi lazima yaelee kwenye mafuta.

Mtu atakayekitumia ukishaondoka ni mama au dada wa kazi, kwa hiyo pikeni pamoja asubuhi mbili tatu. Sisi tumelelewa kusugua sufuria hadi ing'ae, na hapo ndipo vikaango hivi vinapofia. Majivu, mchanga na nyuzi za chuma huondoa ile ngozi nyeusi isiyogandisha. Mwiko uwe wa mbao. Kipoe kwanza, kichomoe, toa ule mkono wenye kitufe cha moto usiguse maji kabisa, halafu osha kwa sponji. Trei ya mafuta imwagwe kila siku, la sivyo mende watahamia humo.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi, zima soketi papo hapo. Umeme ukirudi mchana wakati nyumba haina mtu, kikaango kitajiwasha chenyewe. Uji uliobaki umalizie kwa kikaango cha kawaida kwenye gesi.