Meno na MD (udaktari wa binadamu): ujaze zote mbili?

Kwa wenzangu wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mnaosubiri dirisha la udahili wa vyuo vikuu: kabla hujaweka udaktari wa meno chini ya MD kama spea tu, jiulize, "Nikichaguliwa meno peke yake, nitathibitisha nafasi hiyo?" Ukisita, iache. Zote ni miaka 5 na mwaka 1 wa utarajali, kwa hiyo meno si njia ya mkato, na kuhamia MD baadaye si jambo la kutegemea. Swali hili halikusaidii kama hujawahi kuiona kazi yenyewe. Omba kukaa kliniki ya meno asubuhi moja tu: ganzi, kuziba, kung'oa, mgongo umepinda muda wote. Mimi nilikwenda nikidhani nitaboreka, nikarudi nikaipandisha juu ya MD.