Namna ya Kuchukua Sampuli ya Ziwa Jipe kwa Uchunguzi wa Viuatilifu

Somo hili linawahusu wanachama wa Mombasa watakaokwenda Taveta kuchukua sampuli katika Ziwa Jipe, ziwa la maji baridi lisilo na kina kirefu, ambalo Mto Lumi huliingia ukiwa umekwisha kupita mashambani.

Hatua ya 1. Zungumzeni na maabara kabla ya safari na mzitaje dawa mnazozishuku (viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magugu), kwa sababu chombo hufuata dawa. DDT, dawa ya kuua wadudu, na jamii yake hunasa kwenye plastiki, hivyo huhitaji chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, ilhali glaifoseti, dawa ya kuua magugu, hushika kwenye kioo na huwekwa katika plastiki.

Hatua ya 2. Chupa ya kioo ioshwe, isuuzwe kwa asetoni (kimiminika cha kuyeyusha mafuta) na ikaushwe. Ziwani msiisuuze tena kwa maji ya ziwa, ingawa ndivyo tulivyozoea tunapopima chumvi ya visima vyetu. Mabaki ya dawa hushika kwenye kuta za chupa, na kila msuuzo huyaongeza.

Hatua ya 3. Zamisheni chupa hadi sentimita 30 hivi, mbele ya mashua. Aliyejipaka dawa ya mbu asiiguse kabisa. Nendeni baada ya mvua kubwa za kwanza, maana maji ya kiangazi huweza kutoonyesha kitu, kisha watu wakatangaza kwamba ziwa ni salama. Chukueni na matope.

Hatua ya 4. Andikeni lebo, hifadhini kwenye barafu, na mwongeze barafu Voi.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, je, kuchemsha maji huondoa dawa hizi?
Hapana. Kuchemsha huua vijidudu; dawa nyingi hubaki, na maji yakipungua kwa mvuke huweza kukolea zaidi.

Kwa nini matope, ilhali watu hunywa maji?
DDT haiyeyuki vyema majini, bali hushikamana na matope na mafuta ya samaki. Mkataba wa Stockholm wa 2001, wa kimataifa kuhusu kemikali zinazodumu kwa muda mrefu, uliibana, lakini iliyokwisha kumwagwa huchukua miaka mingi kuoza.

Samaki wa Ziwa Victoria waliozuiwa na Umoja wa Ulaya mwaka 1999 walikuwa na tatizo hilihili?
Sivyo hasa. Pale palikuwa na shaka kwamba wavuvi walitumia sumu kuvulia, si sumu iliyoteremshwa na mito. Anayetaka kujua hali ya samaki apeleke minofu yao maabara, ikiwa imefungwa kwa foili na kugandishwa. Sampuli ya maji haitamjibu.