Stresi ikikubana Mombasa, angalia maji kwanza

Mwaka juzi kazi ilinikaba hadi usingizi ukanikimbia, nalala saa nane naamka saa kumi, moyo wadunda kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Mamangu akaniambia, "mwanangu, nenda pwani ukakae na usiende na simu." Nilimcheka wallahi, mtu amezaliwa hapa anaambiwa aende pwani! Lakini nilienda, na sai naenda kila wiki, basi wacha niwaeleze navyofanya.

Kwanza jua maji. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50, ndio maana ukienda kiholela utakuta yamefika ukutani huna hata pa kusimama. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndio bamvua, maji hutoka mbali kabisa, na huku kwetu siku hizo hukauka karibu na saa nne asubuhi. Wiki ya maji mafu hayatoki sana. Ukishindwa kuhesabu muulize mvuvi, na hiyo peke yake ni dawa manake umeanza kufuata saa ambayo si ya bosi.

Mimi huenda upande wa Nyali. Mchangani navua viatu, kwenye miamba navaa tena (kuna vidude vya miiba, ukikanyaga utasahau stresi zote kwa njia isiyofaa). Halafu natembea pole pole hadi maji yanifike kwenye vifundo vya miguu, nasimama. Wimbi likija navuta pumzi, likirudi natoa, bila kulazimisha, kisha naanza uradi, Subhanallah 33, Alhamdulillahi 33, Allahu Akbar 34, kwa vidole sio kwa tasbihi. Jirani yangu Mkristo husoma zaburi kimoyomoyo na ananiambia yaenda vizuri vile vile. Akili itakimbilia ada ya shule na deni la Fuliza (ule mkopo wa simu), ni kawaida, usigombane nayo, tafuta kaa anayechimba shimo umtazame mpaka amalize.

Jambo moja tu la kuogopa, bamvua ikianza kurudi hujaza mikondo iliyo nyuma yako kwanza, kwa hiyo ukiona maji yanageuka na wewe geuka, usingoje kumaliza uradi.

Kama bahari huiwezi, nenda Haller Park kule Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya simiti, mwamba mtupu, hata majani hayaoti, mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda mivinje. Mivinje ikashika ila majani yake yakawa yanaanguka tu hayaozi, akaleta jongoo, wakayatafuna wakayageuza udongo, na leo ni msitu. Mimi nikikaa chini ya ile mivinje huwaza hao jongoo tu, walivyofanya kazi bila mtu kuwahimiza. Jioni kuna mibuyu ya Mama Ngina nayo, pale ufukweni mjini, unaegemea mmoja unatazama meli zikiingia Kilindini, lakini wikendi kelele ni nyingi mno, nenda katikati ya wiki.

Kaya za Wamijikenda, ile misitu yao mitakatifu, ni habari nyingine. Pale ni mahali pa ibada, usijiingilie kwa sababu umechoka na kazi, ongea na wazee kwanza, fuata wanavyokwambia na usichukue hata kijiti.

Na kama hulali wiki kadhaa au unawaza kujidhuru, mwambie mtu leo leo na umuone daktari, bahari itakungoja.

Ukirudi usiwashe simu hapo hapo. Mimi hupita kwanza kwa mama wa mahamri, nakula manne kwa mbaazi za nazi, suruali bado imerowa chumvi, nikishamaliza chai ndio naiwasha.