Kituruki: anza na "mamangu"

Watu wakianza Kituruki wakakutana na dude kama evlerimizden wanafunga daftari. Tulia kwanza. Kama unasema mamangu, mamako, mamake, nusu ya kazi umeshaifanya, maana Kituruki kinafanya hivyohivyo kwa kila nomino: anne ni mama, basi annem, annen, annesi. Neno likiishia konsonanti inaingia irabu hapo kati na inaifuata ya nyuma yake, ev (nyumba) inakuwa evim, kol (mkono) kolum, göz (jicho) gözüm. Usishangae sana, hata sisi tunasema pikia ila somea na hakuna aliyetukalisha darasani kwa hilo.

Sasa mahali. Sisi "nyumbani" tunaibebesha kila kitu, niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani, kitenzi ndo kinaamua. Mturuki anazo tatu: evde yupo, eve anaenda, evden anatoka. Irabu ya mwisho ikiwa a, ı, o au u, zinageuka: okulda, okula, okuldan, hiyo ni shule.

Ukitaka kuunganisha, foleni ni hii na hairukwi: neno, wingi, mwenye mali, halafu mahali. Ev-ler-imiz-den, kutoka kwenye nyumba zetu. Kumbe dude lenyewe ndo hilo tu.

Mimi kilichonitesa ni n. Nilikuwa naandika evide nikimaanisha nyumbani kwake, mwalimu anazungushia wino mwekundu, wiki ijayo narudia tena. Mwenye mali akiwa "yeye", kabla ya mahali lazima uweke n: evinde, evine, evinden. Kero ni kwamba evinde ni kwako pia, kwa hiyo unasikiliza stori inamhusu nani, au wanatanguliza senin (wako) au onun (wake).

Ukimtaja mtu kwa jina, alama inakaa pande zote mbili: Ayşe'nin evi, kama vile mtu anavyosema "Ayşe nyumba yake".

Na hii ndo naipenda. Kitap okudum ni nilisoma kitabu, chochote tu. Kitabı okudum ni nilikisoma, kile tunachokijua, yaani hiyo ı inafanya kazi ya -ki- yetu, na ona p imerudi kuwa b kama kwenye kitabu chetu, neno lenyewe wote tumelitoa kwa Waarabu. Ila evi gördüm ikikujia peke yake usikimbilie kusema ni nyumba yake: hapo ni niliiona ile nyumba. Ya kwake ingekuwa evini gördüm, n ileile imerudi.